Alama ya Mwisho

Agizo lilitoka Vilnius kabla theluji haijayeyuka:
kila mtafiti nchini, awe wa nyota awe wa mbolea,
ajiandikishe, apate namba yake moja
ya kuandamana naye kama kivuli.
Nikapewa ghorofa nne na mwezi mmoja.
Mkutubi ni nani hata akatae?

Ghorofa ya pili yupo Rasuolė, msomaji wa chavua.
Huchota tope la kinamasi, akakuambia
chembe hii ni ya msonobari
ulioanguka kabla Musa hajazaliwa.
Yeye mwenyewe ndiye aliyepotea.
"Žemgulytė nilikuwa mimi, binti wa Žemgulys.
Makala kumi na moja.
Norvaišienė ni mimi pia, mke wa Norvaiša. Makala tisa.
Tangu hakimu agonge meza sijui nijiandikeje.
Na kule ng'ambo wamelivua jina kofia,
Ž imekuwa Z, kichwa wazi kwenye baridi."
Mashine ilihesabu wanawake watatu,
hakuna hata mmoja aliyetosha kupandishwa cheo.

Tulikaa mpaka taa za korido zikajizima,
tukiwaita mmoja mmoja warudi nyumbani.
Huyu wako? Wangu.
Na huyu wa mwaka tisini na nane?
Akanyamaza.
Wangu, akasema,
ingawa sikubaliani naye tena.

Ghorofa ya nne, Profesa Gedvilas wa nyuki
hakunikaribisha kiti.
"Mama yangu aliwahi kupewa namba," alisema,
"ndani ya behewa la ng'ombe, likielekea mashariki,
akiwa na mimba yangu."
Nilikuwa na jibu lililochapwa, ukurasa wa tatu:
namba hii waiomba mwenyewe,
waificha au waionyesha upendavyo.
Sikulisoma.
Niliacha karatasi juu ya mzinga mtupu
nikashuka ngazi nikihesabu vidato.

Siku ya mwisho, saa kumi jioni, akaja,
koti limelowa, daftari kwapani.
Makala ya kwanza: yeye na Jadvyga, sabini na tisa.
"Mke wangu. Nyuki alihesabu yeye,
mimi niliandika tu. Mpe yeye kwanza."
Nikamwambia mfumo unataka mtu aje mwenyewe.
Akatazama dirisha, na nje ya dirisha
hapakuwa na kitu, ni maegesho ya magari.
"Basi haji," akasema.

Akachapa jina lake kwa kidole kimoja.
Namba ikatokea, mafungu manne,
tarakimu kumi na tano, na mwishoni X.
"Na hii?"
"Ya kuhakiki. Huwatokea baadhi."
Akacheka, mara yangu ya kwanza kuyaona meno yake.
"Babu yangu alitia hii hii kwenye hati ya shamba.
Hakujua kusoma.
Shamba wakalichukua."

Kisha akafungua daftari, akainakili kwa wino,
polepole, fungu baada ya fungu,
chini ya jina la Jadvyga.