Chenji ya Maziwa

Dukani kwetu Kajaani mashine imesimama mlangoni,
ukishampita keshia, pale ambapo chenji
bado ina joto la kiganja.
Aliyeiweka hapo anatujua.

Nilimtuma Taisto maziwa.
Saa mbili nzima. Akarudi na theluji mabegani,
mikono mitupu,
akasema foleni ilikuwa ndefu.
Miaka sita foleni ilikuwa ndefu.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Yetu ilikitoboa: kwanza akiba ya paa,
kisha gari, kisha fedha za mazishi ya mama yangu,
naye mama yu hai, anafuma soksi.

Sasa kila Alhamisi tuko kwa mshauri,
Bi Hyvärinen, mwenye viti vitatu na saa isiyolia.
Taisto, dereva wa greda, msukuma theluji wa usiku
asiyejua maneno kumi mfululizo,
akasema: "Sikuwa nafuata ushindi.
Pale mbele ya kioo sikuwa mume wa mtu."
Nilitaka kumtupia kiti.

Kisha mama yule akanigeukia.
Na wewe, Raili, jioni hufanya nini?

Nasubiri, nikasema. Nasikiliza funguo.
Akikung'uta viatu polepole, najua kaliwa.
Akipiga mluzi, najua kala, na kesho ataliwa.
Napekua mifuko, nanusa koti,
nafungua simu yake akilala,
mara moja, halafu mara moja tu tena,
labda safari hii

nikanyamaza.
Nilikuwa nimeisikia sauti yangu ikizunguka
kama zile ndimu na kengele kwenye kioo.

Hakuna aliyeniambia
kwamba mtu aweza kucheza kamari bila sarafu,
akaweka usingizi wake dau
juu ya uso wa mwenzake.

Jana maziwa yaliisha. Nikampa noti ya euro kumi,
nikakalia mikono yangu.
Dakika kumi na tisa. Ndiyo, nilihesabu.
Akaweka pakiti mezani, na risiti, na chenji.
Senti arobaini zilipungua.

Huenda zilidondoka kwenye theluji.
Sikuuliza. Hakueleza.
Nikamimina vikombe viwili,
maziwa baridi hadi meno yakauma,
na zile sarafu zikalala mezani hadi asubuhi,
kila mmoja wetu akizipita kwa mbali
akienda chooni gizani.