Herufi E

Tukuyu, mvua toka Jumapili.
Nimejifungia studio, mlangoni nimebandika:
NARUDI SAA KUMI. Uongo. Nipo humu humu,
nimepiga magoti mbele ya kompyuta iliyolazwa ubavu
kama mbuzi anayesubiri daktari wa mifugo.

Bisibisi ya nyota. Kifuniko cha kopo la kahawa, cha kutunzia skrubu.
Nimechomoa waya wa umeme, nikabonyeza swichi mara mbili
iteme hata ule umeme iliouficha mashavuni.
Kisha nikashika bati kwa mkono mtupu,
kama alivyonifundisha Ambakisye, fundi wa Kabwe:
"Gusa chuma kwanza, dada. Mwili una radi ndogo ndogo."

Ndani: vumbi jekundu la miaka saba,
mende mmoja mkavu, miguu juu,
na diski ya zamani, peke yake kwenye ngazi ya vyumba vinne,
imejaa hadi mstari wake umeiva.

Nimekuwa nikifuta.
Hilo sijamwambia mtu.
Kila msimu wa harusi ulipofika nilifuta wasiolipa,
kisha waliohama, kisha nyuso za pasipoti
nisizozikumbuka majina.
Kama mtu anayeng'oa viazi vichanga
apate pa kupanda viazi.

Mwezi wa tatu akaja mama Lugano, kutoka Masoko,
kanga imelowa, viatu mkononi.
"Ile ya kipaimara," akasema. "Amevaa shati la kuazima.
Hatukuwa na hela siku ile. Ulisema unatunza zote."
Nilitafuta mbele yake saa nzima,
nikijua.
Nilifungua mafaili, nikafunga, nikafungua yale yale.
Hakulia. Aliuliza tu:
"Kwani ilikuwa inachukua nafasi kubwa?"

Megabaiti tatu, mama.
Sikumjibu.
Tatu na kidogo.

Diski mpya nimeifuata Mbeya,
nikaipakata toka Uyole, baridi ya Isyonje yote, hadi Kiwira,
kama trei ya mayai, nikimkemea kila aliyeniegemea.
Terabaiti nne. Nyepesi kuliko kilo ya mchele wa Kyela.

Naisukuma chumba cha tatu mpaka inasema: ka.
Waya mwekundu una mdomo wenye kona, hauingii kinyume.
(Nimejaribu kinyume.)
Wa umeme ni mfupi, naupitisha nyuma ya feni,
vidole vinakwaruzwa, natukana kwa Kinyakyusa.
Skrubu tatu zinakaa. Ya nne inadondoka tumboni.
Nainua kompyuta, naitikisa, inalia kama njuga,
naitikisa tena, nainamisha,
skrubu inatoka pamoja na yule mende.

Nawasha.
Kitu kinaanza kuzunguka humo ndani,
jiwe la bibi juu ya ulezi, kwa mbali.
Kioo kinaamka. C ipo. D ipo, lile tundu la sidii
lililogoma kufunguka tangu mwaka juzi.
Ile mpya haipo.

Laki tatu na nusu, haipo.

Kumbe mgeni huyu hajui kupiga hodi.
Unaingia kwenye mipangilio, unashuka chini kabisa,
unamkuta kasimama gizani, mstari mweusi mrefu,
kaandikwa ubavuni kwamba hana mwenyewe.
Mpaka umpe herufi, umpe jina,
ndipo nyumba inamwona.

Herufi, nikampa E.
Jina, nikaanza L, nikaandika U,
nikaona haya.
Nawezaje kubandika jina la mtoto
kwenye mlango wa chumba ambacho hayumo?
Nikafuta. Hizo herufi mbili nazo nikazifuta.
Nikaandika: USIFUTE.

Chumba chote kitupu. Hata unyevu haujaingia.
Juu ya bati mvua inapungua, inaongezeka.

Mlango unagongwa. Saa kumi kamili, jamani.
Ni wawili, baba na binti, wanakung'uta mwavuli kizingitini,
wanataka picha za pasipoti, na wanazitaka leo.
Ingieni. Kaa hapo, binti. Nyoosha kola.
Unaitwa nani? Jina lote, taratibu, naandika.
Tazama huku.
Usipepese.