Ba Be Bi Bo Bu

Vizibo ishirini na sita ndani ya kopo la maziwa,
kila kimoja na herufi yake kwa rangi ya kucha
ya dada Sharifa, ambaye hakuombwa.

Sheria tuliiandika ukutani kwa mkaa:
neno la Kiingereza, herufi tatu, lianze na iliyotoka,
usirudie la mwenzio, usivuke hesabu ya kumi.
Anayeshindwa anabeba ndoo.

Na Newala ndoo si mzaha.
Maji yako chini kabisa, bondeni,
na njia ya kurudi imesimama
kama ngazi iliyokosa fundi.

Mimi nilikuwa Kidato cha Pili. Sikuwahi kubeba.
Mbaraka alibeba kwa X, akabeba kwa Q,
akabeba kwa K, na K ni herufi ya bure.
Nilikuwa na kamusi isiyo na jalada,
usiku nailalia kama mto.

Jumapili ile ikatoka B.
Nikasema bus. Mbaraka akasema box.
Nikasema boy. Mbaraka akaangalia paa,
akaangalia kuku,
sita, saba,

na Shangazi Asumini, pale kizingitini akibangua korosho,
vidole vyeusi kwa yale mafuta yanayokula ngozi,
akasema bila kuinua kichwa:
"Mtoeni. Nakaa mahali pake."

Tulicheka mpaka mbuzi akasimama.
Kisomo cha Shangazi kiliishia wiki ya pili,
ubao mmoja, mstari mmoja:
ba be bi bo bu.
Kisha mwalimu akahamishiwa Liwale
na darasa likawa ghala la salfa.

"Bag," akasema.
Hilo alilisikia sokoni, nikajiambia. Nikajibu bad.
"Beg."
Bed, nikasema, haraka.
"Big."
Bat.
"Bog."

Hapo niliruka. Hakuna neno hilo, Shangazi!
"Funua."
Nikafunua. Lilikuwepo,
kwenye ukurasa uliotafunwa na mende:
ardhi chepechepe, tope linalomeza mguu.
Nikajikaza nikasema but, sauti ikinikatika.
Akarusha korosho nzima kwenye ungo.
"Bug."

Mbaraka ndiye aliyehesabu, polepole, kwa raha zake.
Kichwani mwangu kulikuwa na basi, benki,
bakuli, bibi, baridi, maneno ya nyumbani yote
yamekuja kunisaidia na hayakuruhusiwa kuingia.
Kumi.

Umejuaje, Shangazi?

"Sijui kitu. Nimechukua mstari wangu wa ubaoni,
nikaufungia mlango kwa ge.
Wenye lugha hiyo hupenda kufunga milango.
Sisi neno tunaliacha wazi, mgeni aingie."
Akapuliza maganda mapajani.
"Haya, msomi. Maana yake?"

Nikazitaja kwa mpangilio wake:
mfuko. Kuomba. Kubwa. Tope. Mdudu.

Akaacha kubangua.
"Kumbe ni sisi. Mfuko mtupu,
tukaenda kuomba salfa ya mkopo,
deni likawa kubwa, lori likanasa topeni Kitangari,
na shambani akabaki mbu wa mikorosho, anakula mwenyewe.
Msimu mzima, na mwenzangu anayo kwenye kamusi
anailalia."

Hakucheka. Sisi tulicheka kidogo, tukaacha.

Niliteremka na ndoo ya lita ishirini.
Mbaraka alinisindikiza hadi mwanzo wa mteremko
ili tu anione naondoka.
Kisha sauti ya Shangazi ikanifuata kutoka juu,
imepenya mihogo na mikorosho:
"Kesho tunaanza na paaa!"

Nikacheka peke yangu. Pa itamshinda.
Kwenda, nilipiga hatua na kujaribu:
pat.
Ipo.
Pet. Ipo. Pit.
Nikachota, nikajitwisha, maji yakanimwagikia shingoni.
Pot.
Nusu ya kilima nikaitua ndoo,
nikakaa juu ya jiwe, miguu inatetemeka.

Put.