Kipimo cha Kurudi

Jana mchana tuliwasha mwali,
na Kiuyu nzima ikapanda kilimani kutazama:
watoto na mabegi ya skuli,
wanawake na harufu ya makonyo mikononi.
"Ipo!" wakasema. "Si hiyo inawaka?"

Usiku huu nimefunga vali.
Hakuna moto wa kutazamwa,
wamekwenda kulala na utajiri wao.
Nimebaki mimi, geji, daftari,
na birika la chai lililofungwa kanga lisipoe.

Ami yangu Faki alichimba visima vya maji
huku kwetu, hadi Shumba.
Hakusifu kisima siku ya kutoka maji.
Wenzake wakipiga vigelegele, yeye huwapa ndoo:
"Kausheni kwanza."
Wakiteka, wakiteka, hata ndoo ikaparuza mchanga.
Ndipo hushusha kamba yake ya mafundo,
akakaa ukingoni, hasemi na mtu,
akihisabu fundo gani limelowa, na baada ya muda gani.
"Kujaa si hoja. Kila shimo hujaa mvua ikinyesha.
Mie nataka kujua kinarudi vipi."

Baba alipokufa
watu walimpima mama kwa kilio cha siku ya kwanza.
Ami alikuja baada ya arubaini,
akakaa jikoni, akamtazama anavyokuna nazi.

Basi ami, nami nipo ukingoni.
Kamba yangu ina mita elfu tatu
na fundo lake la mwisho sitolishika maisha.
Dakika za mwanzo presha iliruka
kama mbuzi aliyekata kamba.
Kisha ikapanda polepole,
nukta, nukta,
na kila nukta naitia kwenye daftari
kwa mkono unaonuka dizeli.

Saa kumi mstari ukapinda. Ukalala.
Mapema mno.
Bwana Ngwali akauangalia, akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.
Mstari ni ule ule.
Huko chini pana ukuta.
Kilichopo ni chumba,
sisi tulidhani jumba.
Hakusema neno. Alimimina chai, akasahau kuinywa.

Kumekucha. Nje ya uzio
keshasimama mtoto na begi lake:
"Dada, moto mnauwasha saa ngapi?"

Nami mkononi nina nambari
isiyowaka.