Tenga la Atuganile

Mwezi wa saba, Uyole,
umande unaganda juu ya kabichi
na maji ya ndoo yanauma vidole kama koleo.
Nilisimama sokoni Mwanjelwa, mikono kwapani,
mbele ya machenza ya Kyela.

Madogo. Mengine hayazidi yai la kanga,
ngozi imewalegea kama koti la kuazima;
ukilibonyeza moja, linakutemea jichoni.

"Machenza umenunua," alisema Atuganile,
"tenga nimekuazima. Alhamisi lirudi."
Akalipiga kofi ubavuni, kama mtu anayeaga ndama.
Mbao za msindano, misumari iliyopinda,
na maandishi ya makaa: MALI YA A., IPINDA.

Usiku ule tulilizunguka jiko.
Lusekelo aligawa vipande kwa ubahili wa karani,
kimoja kwako, kimoja kwangu, hiki kina mbegu, chukua wewe.
Ambakisye, asiyependa kitu kichachu,
alikula saba, uso umekunjamana mara saba,
kisha akauliza kama yamebaki.
Maganda tuliyatupa kwenye makaa,
yakalia, yakatoa cheche,
nyumba ikanukia kana kwamba ina wageni.
Mbegu tulizitemea kwenye kikombe cha bati:
ti, ti, ti,
mvua pekee ya mwezi ule.

Alhamisi ilipofika, tenga lilikuwa na vifaranga.
Mwewe alikuwa amemchukua mama yao,
wamebaki kumi na mmoja juu ya gunia,
chemli pembeni, wanapiga kelele usiku kucha.
Ningewahamishia wapi?

Walipokua nililisugua kwa majivu.
Nilipogeuka, Lusekelo ameshaliegemeza ukutani,
amepanga madaftari, dawa ya meno, mpira wa soksi,
na wino umeshamwagika.
Baba yake akasema A. ni yeye, Ambakisye,
kwa hiyo kesi imekwisha.
Novemba likawa kitalu cha figiri.
Pasaka mama mkwe akapanda kutoka Kyimo,
akalikalia kutwa nzima akimenya maharage mabichi,
akakataa kiti chenye mto.
Hiki, alisema, kinanukia mtu akiinama.

Na mimi Mwanjelwa nikawa napitia nyuma,
nyuma ya mitumba, nyuma ya wasaga unga,
khanga hadi kwenye nyusi,
mtu mzima, mama wa watoto wawili,
nazikimbia mbao.

Mwaka ukazunguka. Machenza yakaupanda tena mlima.
Nikalijitwika tenga, nimelipigilia misumari miwili mipya,
na maelezo marefu nimeyapanga mdomoni,
kuanzia yule mwewe.

Atuganile hakuniuliza.
Aligeuza tenga, akapitisha kidole kwenye wino,
akakwangua udongo uliokauka pembeni,
akachomoa unyoya kwenye ufa wa ubao, akautazama juani.
Jina la makaa lilikuwa limefutika, imebaki A. tu
na mkia wa herufi nisiyoijua.
Akaingiza uso wake wote ndani, akavuta pumzi.
Watu wa nyanya wakageuka.

"Bado," akasema, akicheka humo humo ndani.
Kisha akalitua chini, akaanza kulijaza,
makubwa chini, madogo juu, majani yakiwa mabichi.

"Haya, mama Lusekelo. Safari hii
tuseme Alhamisi ipi?"