Maji ya Pili

Mpangaji wa chumba cha uani alikuja na msimu,
mwezi wa kumi, mabibo yakianza kunuka njiani.
Kazi yake kupasua korosho kwa kisu kidogo,
kutazama punje kama daktari anavyotazama ulimi,
na kuandika namba.
Rajamani. Mama akamkata: Raja.
Kwao kusini ya India, huko zinakokwenda korosho zetu
na maganda yake, kama bibi harusi na sanduku lake.

Alikuja na chombo cha shaba cha ghorofa mbili,
ya juu imetobolewa vitundu.
Usiku anatia unga wa kahawa, na maji ya moto, anafunika,
analala.
Nikiamka kwenda msalani nakisikia gizani:
to.
Kimya.
To.
Asubuhi ghorofa ya chini ina kitu cheusi kama oili ya tingatinga,
na hapo, wallahi, ndipo alipokiharibu.
Alitia maziwa.

Mama hakusema neno siku tatu.
Yeye kahawa yake anaikaanga kwenye chungu,
anaitwanga na tangawizi, kinu kinaiamsha Chikongola nzima
kabla mwadhini hajakohoa.
Sukari haiigusi. Sukari nyumba yake kashata,
kahawa na ibaki na uchungu wake.
Siku ya nne akampelekea kikombe, kile kidogo kisicho na mkono.
Raja akanywa. Akafumba macho. Akakohoa mpaka machozi.
"Nzuri," alisema.
Kiswahili chake kilikuwa na maneno kama arobaini,
na hilo alilitumia mahali pake.

Naye akamlipa kwa maonyesho:
bilauri mkono wa juu, bakuli mkono wa kiunoni,
kahawa imenyooka katikati kama kamba ya kuanikia,
inakwenda, inarudi, povu linaota,
haidondoki hata ya kumdanganyia sisimizi.
Watoto wa kina Nangumbi walikuja na stuli zao kutoka kwao.
Mama alijaribu mara moja tu.
Kanga ile bado ina doa.

Kisha Desemba, alasiri moja, mbingu ikakunja uso.
Tulikuwa tunamenya ming'oko,
chumvi na pilipili kwenye kipande cha gazeti.
Matone manne kwenye bati, makubwa,
kama mgeni anayebisha hodi hana hakika na nyumba,
halafu gunia zima likamwagwa.
Ghalani walitandaza maturubai, malori ya Tandahimba yakasimama,
hapakuwa na cha kupima.
Raja akatoka barazani pekupeku, akavuta pumzi,
akataja neno la kwao, refu, lenye kona:
jina la harufu ya udongo ukilowa.
Akauliza, ninyi mnaiitaje?
Mama akasita na ng'oko mkononi. Akavuta naye.
"Sisi hatuiiti. Inakuja yenyewe."

Raja akakimbilia ndoo. Mama akamshika shati.
"Ya kwanza iache, inaosha bati,
kuna vumbi la tangu Juni, kuna mavi ya kunguru.
Maji ya pili ndiyo ya kahawa."
(Maji ya kisima chetu yana chumvi,
sabuni haitoi povu, chai inakuwa kama imelia.)
Basi tukakaa watu watatu, sahani moja,
tukisubiri mvua ndani ya mvua,
mama akisikiliza bati kama anayesikiliza wali ukikauka,
mpaka akanyanyua kidole: sasa.

Chombo cha shaba kikapata chake, sufuria ikapata chake,
ndoo ni moja.
Ikapikwa nyeusi, ikamiminwa ya maziwa,
mimi nikapewa zote mbili, niamue.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikajua kunyamaza.
Mpaka leo hakuna aliyekiri kwamba ya mwenzake ilikuwa tamu,
ila vikombe vilirudi vikavu,
na kumbikumbi walikuwa wameanza kutoka,
mama akaniambia niache kulamba bakuli, nilete karai.