Kufuli Lisilotengenezwa Tena

Marehemu Lugembe alifungia hesabu za chama
ndani ya flashi, kwa kufuli la kompyuta
ambalo mafundi wake walishaliacha zamani.
Nywila tunayo, nyuma ya kadi yake ya kliniki.
Programu hatuna.

Makoroboi, kijana wa duka: "Ipo, dada, bure,"
akabofya kabla sijakaa.
Nikamshika mkono.
Hata sangara, pale Kirumba, mnunuzi humfunua shavu
atazame wekundu, ndipo atoe hela.

Nikampigia Kokuhirwa, Bukoba.
Ana sidii halali, aliinunua enzi zile,
iko kabatini chini ya vitenge.
Tukasomeana alama sitini na nne,
yeye za nakala yake, mimi za faili la kijana.
Alama ya kwanza tu: yeye saba, mimi de.
Futa.
La pili, kutoka kwingine: yeye saba, mimi mbili.
Futa.

La tatu likaitika.
Saba. Saba.
Efu. Efu.
Sifuri...
Kwenye ya arobaini umeme ukakatika Mwanza nzima.

Kijana akacheka: "Arobaini si zinatosha?"

Nimengoja taa, flashi imebana kiganjani.
"Uko wapi?" anauliza Kokuhirwa.
Mwanzo, shoga.
"Saba," anasema.
Saba.